Jane Addams, taka za Halsted na kaunta buku letu la Kisenyi

Hajati hajui kuandika, lakini barua anaijua. Jioni ile alikaa kwenye mkeka wangu, akanyoosha miguu, akaniambia nifungue daftari. "Andika, mwanangu. Anza na salamu. Sema sisi tunaokaa nyuma ya mashine za kusaga tunawasalimu na tunawaombea afya. Halafu ndiyo uwaambie wajukuu zangu wanaharisha."

Nikamwambia, "Mama, ofisini hawapendi salamu ndefu. Wanataka jambo lenyewe."

Akanitazama. "Barua isiyo na salamu ni amri. Sisi ni nani wa kuamuru?"

Nikaandika salamu.

Ilikuwa Agosti 2024. Jumamosi ya tarehe 10, mlima wa taka wa Kiteezi, kule Wakiso ambako Kampala ilikuwa ikimwaga taka zake tangu 1996, uliporomoka wakati wa mvua ukafukia nyumba na watu wakiwa ndani. Waliokufa walizidi 30. Hapa Kisenyi, mtaa wetu wa Kampala, tuliwasomea dua watu ambao hatukuwahi kuwaona, huku kila mmoja akijua kwamba maganda ya matoke yake, makaveera yake (mifuko ya plastiki) na nepi za wanawe vilikuwa ndani ya mlima ule. Wiki zilizofuata malori yalipungua. Kontena la taka la kona yetu, hatua chache kutoka shule ya chekechea, likajaa, likafurika, mwishowe likafunikwa lenyewe lisionekane.

Mimi ni katibu wa akina mama wa mtaa. Mali ya ofisi yangu ni kaunta buku moja lenye jalada jekundu, kalamu mbili na simu. Kati ya Agosti na Oktoba niliandika barua saba. Nakala zake ninazo zote, na kila moja ina muhuri wa wino wa zambarau kwamba imepokelewa. Nilikuwa sijui kama neno moja, "imepokelewa", linaweza kumchosha mtu kiasi kile.

Mwezi huohuo wa Oktoba binti wa dada yangu, anayesomea ustawi wa jamii chuo kikuu, alikuja kukaa kwangu wiki moja ili ajisomee mtihani. Usiku alikuwa akiniomba nimshikie daftari nimuulize maswali. Swali moja lilikuwa: Jane Addams ni nani? Akajibu kwa mkato, kama wanafunzi wanavyojibu: Mmarekani, alizaliwa 1860, alifungua Hull-House mjini Chicago mwaka 1889, alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1931. Kisha akaongeza, "Mama mdogo, huyu aliwahi kuwa mkaguzi wa taka."

Nikaweka daftari chini. "Rudia."

Tangu usiku ule nimekuwa nikisoma habari zake kwenye simu, kidogokidogo, kila ninapopata bando. Karatasi zake zimehifadhiwa vizuri kuliko karatasi za mtu yeyote ninayemjua. Mwaka 1930, akiwa bado hai, alianza kuzikabidhi kwa Chuo cha Swarthmore huko Pennsylvania. Baadaye wataalamu walizikusanya kutoka kila mahali zilikotawanyika, wakazipiga picha kwenye mikanda 82 ya maikrofilamu. Tangu 2015 Chuo cha Ramapo huko New Jersey kinaziweka mtandaoni, picha ya barua pamoja na maandishi yake yaliyopigwa chapa. Bila hayo yaliyopigwa chapa mimi ningeshindwa. Mwandiko wa mama huyu ni kama nyayo za kuku aliyefukuzwa. Nilipouona mara ya kwanza nilifurahi, kwa sababu ni mwandiko wa mtu mwenye haraka, mtu anayejua nje kuna wengine wanasubiri.

Barua zilianza kwao mapema. Baba yake, John Addams, alikuwa seneta wa jimbo la Illinois na rafiki wa Abraham Lincoln, na barua za Lincoln alizitunza kwenye dawati lake. Lincoln alikuwa akimtania kwenye salamu kwa sababu ya herufi D mbili zilizomo katika jina la Addams. Nilimsomea Hajati habari hiyo, akapiga kofi. "Unaona? Hata raisi alianza na salamu."

Jane alikulia kijiji cha Cedarville. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili, na utotoni aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alimaliza masomo katika chuo cha Rockford mwaka 1881, na baba yake akafariki mwaka huohuo. Akaanza kusomea udaktari Philadelphia, mgongo ukamrudisha nyumbani. Miaka iliyofuata alizunguka Ulaya bila kujua afanye nini na maisha yake. Katika safari hiyo, Jumamosi moja usiku mashariki mwa London, aliwaona maskini wakigombea mboga zilizooza kwenye mnada. Mtu mmoja alishinda kabichi, akakaa ukingoni mwa njia, akaitafuna mbichi kwa meno. Kilichomganda Jane kichwani ni mikono, mikono mingi iliyonyooshwa juu. Kila anayepita soko letu la Owino jioni, wakati wachuuzi wanapobagua nyanya zilizopondeka, ameiona mikono hiyo.

Mwaka 1888 alitembelea Toynbee Hall huko London, ambako vijana waliosoma walikuwa wakiishi katikati ya maskini. Tarehe 18 Septemba 1889, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr walihamia nyumba ya zamani kwenye barabara ya Halsted, Chicago, ndiyo hiyo Hull-House. Naomba neno hilo "walihamia" lisipitwe haraka. Hawakufungua ofisi wakawa wanarudi kwao jioni. Walilala hapo. Majirani walikuwa Waitaliano, Wajerumani, Wagiriki, Wayahudi kutoka Urusi na Poland, Wabohemia na Waairishi. Ni kama Kisenyi, ila wao hawakuwa na lugha moja ya kuwaunganisha. Sisi tunayo. Wako Waganda wanaosema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Kwetu ndiyo lugha ambayo Msomali mwenye duka, Mkongomani mshonaji, Mganda mwenye nyumba na mimi Mnubi wa Bombo tunagombana kwayo tukaelewana.

Sasa habari ya taka.

Wakati ule, kwenye mitaa ya Halsted taka zilitupwa katika masanduku makubwa ya mbao yaliyopigiliwa kando ya barabara. Watoto wanaoanza kutembea walijifunza kupanda juu ya masanduku hayo. Wavulana wakubwa waliyafanya ngome, na vilivyomo ndani vikawa silaha za kurushiana. Ndani mlikuwa na matunda yaliyooza ya wachuuzi wa Kiitaliano na Kigiriki, na mabaki ya matambara yaliyookotwa jalalani yakaletwa majumbani kuchambuliwa. Miaka mitatu ya kwanza Jane na wenzake walifanya kama nilivyofanya mimi: walilalamika kwa wakubwa wa jiji, wakapokelewa.

Kilichombadilisha ni jambo la nyumbani. Mwaka 1894 dada yake Mary alifariki, na mtoto mdogo wa dada huyo akaja kukaa kwake. Mtoto alikuwa dhaifu, na ikabidi apelekwe shule ya mbali kwa sababu hewa ya mtaa ule ingemmaliza. Baadaye Jane aliandika waziwazi kwamba aliona aibu. Watoto dhaifu wa majirani walikuwa wakiondolewa mikononi mwa mama zao siku zote, na wao hawakuwa wakienda shule ya bweni, walikuwa wakienda kaburini, lakini hao hawakuwa wamemsukuma kufanya lolote la maana. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Watu wengi wenye kusaidia maskini hawaandiki hivyo. Wanaandika walivyoguswa. Yeye aliandika alivyochelewa kuguswa, na kwa hilo namwamini katika mengine yote.

Basi wanawake 12 wa klabu ya Hull-House, pamoja na waliokuwa wakiishi mle ndani, walianza kukagua vichochoro. Si matajiri hao. Ni wanawake waliofua na kupiga pasi kutwa, wakapika chakula cha jioni, ambao wangestahili kukaa kizingitini wapunge upepo wa kiangazi. Badala yake walipita nyuma ya nyumba wakichungulia masanduku na kugombana na majirani. Kwa miezi miwili, Agosti na Septemba, walipeleka idara ya afya ripoti 1,037 za sheria kuvunjwa, kila moja ikiwa imehakikishwa. Elfu moja na thelathini na saba! Nilifungua kaunta buku langu nikatazama barua zangu saba zilizojaa salamu, dua na maneno kama "hali ni mbaya sana". Hali ni mbaya wapi? Nyumba ipi? Tangu tarehe gani? Hakuna ofisi inayoweza kujibu "mbaya sana".

Ripoti zile zilifanya wakaguzi watatu wahamishwe kutoka kata ile, lakini uchafu ulibaki. Msimu wa machipuko wa 1895 Jane akaomba mwenyewe zabuni ya kuzoa taka za kata ya 19. Ombi likatupwa kwa kasoro ya utaratibu, lakini kelele zilikuwa zimekwishasikika, na meya akamteua mkaguzi wa taka wa kata kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Akawa anaamka saa kumi na mbili asubuhi kuhakikisha watu wameanza kazi mapema. Akayafuata magari ya farasi yakiwa yamesheheni, yakidondosha uchafu nyuma, hadi kwenye jalala lenyewe. Alimbana mkandarasi mpaka magari yakaongezeka kutoka 9 hadi 13, kisha hadi 17. Aliwafikisha mahakamani wenye nyumba waliokaidi. Kwenye njia moja nyembamba walichimba uchafu karibu nusu mita kwenda chini, wakakuta barabara ya mawe ambayo watu hawakujua kama ipo. Kata iliyokuwa ya tatu kwa vifo katika jiji zima ikashuka hadi nafasi ya saba.

Baadhi ya majirani wanawake walishtuka kumwona mwanamke msomi akifukuzana na magari ya taka. Aliwaeleza kwamba ikiwa kumuuguza mgonjwa ni kazi ya mwanamke, basi na kuondoa kinachomgonjesha ni kazi yake pia. Hajati aliposikia hayo alisema hakuona cha kushangaza, kwani yeye amezoa taka maisha yake yote bila kuteuliwa na meya.

Novemba tulianza upya. Sikuandika barua. Nilipiga mistari kwenye kaunta buku: tarehe, saa, lori limekuja au halikuja, limebeba yote au nusu, mfereji umeziba wapi. Tulikuwa wanawake sita, baadaye wanane. Muuza samaki aliye karibu na kontena alishika zamu ya alfajiri kwa sababu yuko pale tangu saa kumi na moja. Dada mmoja Mkongomani, fundi cherehani, alishika zamu ya mchana. Asiyejua kuandika alichora alama, msalaba kwa siku lori lisipofika na duara kwa siku lilipofika. Ukurasa wa Novemba una misalaba 22. Ukiutazama kwa mbali unafanana na kitambaa cha kudarizi.

Siku moja nilipanda boda nikalifuata lori. Niliogopa, sitaficha. Dereva alipoona boda ileile nyuma yake kwa nusu saa alisimama, akashuka, akaja. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akaitikia kwa Kiswahili safi cha mtu wa Arua. Tukaongea kando ya njia. Aliniambia kumwaga sasa ni mbali, mafuta anayopewa ni ya safari mbili kwa siku, na kona yetu iko mwisho wa orodha kwa sababu lori halipiti kichochoroni wenye maduka wakishapanga mizigo njiani. Barua zangu saba zilikuwa zikilaumu ofisi pekee. Hakuna hata moja iliyotaja mizigo ya maduka yetu wenyewe. Jioni hiyo nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, na wenye maduka wakakubali kuacha njia wazi hadi saa mbili asubuhi. Walikubali kwa manung'uniko, lakini walikubali.

Nisiseme kana kwamba Jane alishinda kila kitu. Diwani wa kata yake, Johnny Powers, alikuwa mtu wa mikataba na vibarua, na Hull-House ilijaribu kumng'oa kwenye uchaguzi wa 1896 na wa 1898, ikashindwa. Baadaye hata cheo cha mkaguzi wa taka kilifutwa. Hapo Jane alifanya jambo ninalolistahi kuliko hata magari 17: alikaa akajiuliza kwa nini majirani zake wanampenda mtu huyu, akaandika jibu mwaka 1898 bila kuwadharau. Powers alikwenda kwenye mazishi. Aliwawekea dhamana vijana waliokamatwa. Aliwatafutia watu kazi. Krismasi moja aligawa tani 6 za batamzinga, na bata na bata bukini tani 4 au zaidi. Maskini anapima wema kwa mtu aliyefika msibani, na kipimo hicho si cha kijinga.

Tunawajua akina Powers. Msimu wa kura wanakuja na mabugo, yaani rambirambi, kwenye kila kilio, na sukari, na sabuni, na sisi tunapokea kwa sababu maiti hasubiri sera. Nilimzika shemeji yangu kwa fedha za mtu wa aina hiyo, na bado namshukuru. Ila nimejifunza kuuliza swali la Jane: huyu tunayetaka achukue nafasi yake, je, yeye atafika msibani? Wasomi wengi wanaokuja Kisenyi na makaratasi ya utafiti hawajawahi kukaa nasi kwenye jamvi la matanga hata mara moja.

Mwaka 1896 Jane alikwenda Urusi kumwona mwandishi Tolstoy. Mzee huyo, aliyekuwa akilima shambani na wakulima wake, aliishika mikono ya gauni la Jane iliyovimbavimba kwa mtindo wa siku zile, akasema kitambaa cha mkono mmoja kingetosha gauni la msichana mdogo. Akamuuliza chakula chake kinatoka wapi, na Jane akakiri kwamba sehemu kinatoka kwenye shamba lake lililo mbali na Chicago. Aliona haya. Njiani kurudi aliazimia kwamba kila asubuhi atafanya kazi saa mbili kwenye tanuri la mkate la Hull-House, ale jasho lake. Alipofika Chicago azimio likafa. Kulikuwa na watu wanaomsubiri kila baada ya kifungua kinywa, na marundo ya barua za kufunguliwa na kujibiwa. Akajiuliza kama ni haki hao wote wangoje wakati yeye anaiokoa roho yake kwa kukanda unga.

Mimi nipo upande wake hapo, dhidi ya Tolstoy. Ninaposoma barua walizomwandikia, mtu anayeomba kazi, mtu anayeomba aje kuhutubia, mtu anayemkosoa, naiona kazi ambayo haipigwi picha. Kujibu barua ya mtu ni kumwambia nimekuona. Muhuri wa zambarau hausemi hivyo.

Mengine nayapitia haraka, maana kila kimoja kinataka makala yake. Florence Kelley, aliyekuja kuishi Hull-House mwishoni mwa 1891, alipigania sheria ya viwanda ya Illinois ya 1893 iliyokataza watoto chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani, kisha akawa mkaguzi mkuu wa viwanda. Mwaka 1899 Chicago ilipata mahakama ya watoto, na watu wa Hull-House walikuwa katika harakati hizo. Mwaka 1909 Jane alikuwa miongoni mwa walioanzisha NAACP ya kutetea Wamarekani weusi. Aprili 1915, vita kuu vikiwa vimepamba moto, aliongoza mkutano wa wanawake huko The Hague, kisha akazunguka miji mikuu ya nchi zilizokuwa zikipigana kuwasihi viongozi wakae meza moja. Julai, New York, alieleza aliyoyasikia kwamba askari hupewa kileo kabla ya kushambuliana kwa singe. Magazeti yalimrarua. Mwanamke aliyekuwa akisifiwa nchi nzima akaitwa msaliti, na Marekani ilipoingia vitani 1917 yeye akabaki na msimamo wake. Nobel ilipokuja 1931, fedha zake aliwapa wanawake wa chama cha amani alichokiongoza. Alifariki 21 Mei 1935, akazikwa Cedarville.

Wiki iliyopita tuliandika barua ya kumi na moja. Ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni salamu, kwa sababu Hajati hakukubali kuziondoa, nami siku hizi sibishani naye. Wa pili ni jedwali: siku 30, lori lilifika mara 13, tarehe na saa zake, na mahali pawili ambapo mfereji umevunjika. Nakala nilimpa dereva pia. Tangu njia ya asubuhi ifunguliwe anajitahidi Jumanne na Ijumaa, na kontena linaonekana tena, ingawa mdomo wake bado umejaa inzi na watoto wa chekechea bado wanapita wameziba pua.

Jana ilikuwa Ijumaa. Magharibi Hajati alipita mlangoni kwangu akitoka kuswali, akasimama bila kuvua viatu.

"Limekuja?"

"Halikuja, Mama."

"Basi andika."

Nikafungua kaunta buku, nikachora msalaba.